Mwaka Niliosalimia Mlangoni

Papa Directeur, mkuu wangu wa shule wa zamani, alifariki akiwa mzee aliyeona wajukuu na vitukuu, na matanga yake yalikuwa na vicheko kuliko machozi. Turubai lilifungwa uani, viti vya plastiki vikapangwa, kwaya ya parokia ikaimba mpaka sauti zikakauka. Sebuleni waliweka picha yake juu ya meza yenye kitambaa cheupe: uso ule ule wa kununa, tai ile ile, kama mtu anayesubiri kimya darasani. Walimu, wazee kwa vijana, tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba upande wa jikoni. Ndiyo tabia yetu walimu wa Kisangani. Kwenye matanga tunatafuta mahali karibu na masufuria, tunasema tumekuja kusaidia, halafu tunakaa kuisengenya wizara mpaka chakula kiive. Akina mama walikuwa wanatwanga ndizi za lituma, mchi unapanda na kushuka, na mimi nilikuwa na kikombe changu cha chai ya tangawizi, nimeridhika kabisa, nikisikiliza mazungumzo yasiyonihusu. Kusikiliza yasiyonihusu ni kipaji changu cha tangu ujana, na sijawahi kukijutia.

Nyuma yangu waliketi walimu wawili wasichana, wa shule za siku hizi, simu mkononi. Mmoja alikuwa anamweleza mwenzake habari za semina aliyohudhuria wakati wa likizo.

“Ile formation ilinisaidia, vraiment,” alisema. “Sasa kila asubui nasimama ku mulango. Nasalimia mutoto moja moja, na jina yake. Batoto bamebadilika, we acha tu.”

“Ku mulango? Na batoto benye kujaa vile? Alors leçon inaanza saa ngapi?”

“Inaanza mbio kuliko zamani! Ni méthode ya mupya. Inatoka Kinshasa, ao Ulaya, sijui.”

Chai ikanipalia. Nilikohoa mpaka mama aliyekuwa anatwanga ndizi pembeni akaacha mchi wake kuja kunipiga mgongo, na wale wasichana wakanipa pole kwa heshima zote, wakidhani ni uzee. Lakini tangu dakika ile sikuwa tena pale jikoni. Nilikuwa nimerudi katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, katika darasa la tano la shule iliyoongozwa na huyu huyu mzee wa kwenye picha, mwaka ambao karibu aninyang’anye darasa kwa sababu ya hiyo méthode ya mupya.

Mambo ya nilizaliwa wapi na baba alikuwa nani, nayaacha. Kila mtu alizaliwa mahali. Mimi huona kwamba nilizaliwa mara ya pili siku niliyokabidhiwa chaki. Nilikuwa msichana mwembamba mwenye sauti kubwa, nimetoka kumaliza masomo ya ualimu, na nilipanga chumba kimoja huko Mangobo nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, Maman Véro, aliyeuza samaki wa kukaushwa. Chumba kilikuwa na kitanda, msumari wa kutundikia gauni langu la kazi, na dirisha lililotazama jiko lake. Ukuta kati yetu ulikuwa wa matofali ya udongo usiofika kwenye bati, kwa hiyo kila alichosema yeye nilikisikia, na kila nilichoota mimi, nadhani, alikisikia. Jioni alinigongea ukuta kwa kijiko, maana yake chakula tayari: pondu, yaani kisamvu, na kwanga ya mhogo siku za kawaida, lituma na samaki wa ngolo wa mchuzi siku biashara ilipokwenda vizuri. Hakuwahi kuniita mezani kwa mdomo. Nilizoea kile kijiko kiasi kwamba hata sasa nikisikia kijiko kikigonga mahali, tumbo langu linaitikia.

Darasa langu lilikuwa la mwisho upande wa mtoni, kuta za matofali yenye matundu ya kupitisha upepo, bati juu bila dari, ubao tulioupaka weusi wenyewe kwa majani ya mhogo na unga wa betri kuukuu. Watoto walikaa kwa kubanana kwenye mabenchi, na walikuwa na sifa mbaya. Mwalimu aliyenitangulia aliwaacha wiki chache tu baada ya mwaka kuanza, akaenda kulima Opala, na walijisifu kwamba ni wao waliomfukuza. Kiongozi wao aliitwa Kambale, mtoto wa wafanyabiashara waliotoka Kivu ya Kaskazini, mwenye viatu vizuri na sauti ya kunadi bidhaa. Siku ya kwanza alinikaribisha kwa kuuliza mbele ya wote, “Madame, na wee utaenda Opala lini?” Darasa likaangua kicheko. Nami nikafanya kosa ambalo kila mwalimu mpya hulifanya: nikapiga kelele. Nilipiga kelele Jumatatu, nikapiga kelele Jumanne, na kila nilivyopaza sauti wao walipaza zaidi, mpaka tukawa kama masoko mawili yanayoshindana. Papa Directeur alikuja akasimama dirishani, akanitazama kwa uso wake wa kununa, akaondoka. Jioni nililia. Nilijiona sifai, na nilitaka sana kufaa.

Kisha sauti ikanikauka. Niliamka asubuhi moja, nikataka kumsalimia Maman Véro, hewa tu ikatoka. Alinichemshia tangawizi na ndimu, akasema nirudi kitandani, lakini nilimwogopa Papa Directeur kuliko homa. Nikaenda. Njiani nikawaza nitaliingizaje lile kundi darasani bila sauti, nikaona njia ni moja: nisimame mlangoni, nizibe njia, waingie mmoja mmoja, maana mtoto mmoja mmoja hawezi kunishinda. Nikasimama. Wa kwanza alipofika nikampa mkono, na kwa kuwa sikuweza kusema kwa nguvu nikainama nikanong’ona jina lake na habari za nyumbani. Mtoto akashtuka. Naye akanong’ona, “Muzuri, Madame.” Sijui kwa nini mtu ukimnong’oneza naye hunong’ona, lakini ndivyo ilivyo. Wa pili akanong’ona, na wa tatu. Kambale alipofika alinikazia macho, akatazama mkono wangu, akaupokea, akauliza polepole, “Madame, uko mugonjwa?” Nikaitikia kwa kichwa. Akaingia, na kutoka ndani nikamsikia akiwaambia wenzake, “Munyamaze! Madame iko mugonjwa!” Siku ile nilifundisha hesabu kwa chaki na vidole, na kwa mara ya kwanza tulisikia ndege wakitembea juu ya bati.

Sauti ilirudi baada ya siku chache, ila mlango sikuuacha. Kila asubuhi mkono, jina, neno moja. Katika yale maneno mafupi nilijifunza zaidi kuliko nilivyofundishwa chuoni. Nilijua nani amelala bila kula, nani mama yake amejifungua, nani amegombana na nani njiani, na nikiingia darasani nilijua nianze na nani na nimwache nani apumue. Na utaratibu mmoja ukazaa mwingine. Mvua ya Kisangani ikipiga bati hakuna anayesikia kitu, na walimu wengine waliitumia kupumzika. Sisi tukawa na desturi ya mvua: ikianza tu, watoto wanaweka kalamu chini, mimi natembea benchi kwa benchi, nakaa pembeni mwa kila mtoto, naye ananisemea sikioni lolote analotaka. Walinisemea mambo ya ajabu. Kambale alinisemea, mdomo karibu kabisa na sikio langu, kwamba anaogopa kwenda peke yake msalani. Nilimjibu kwamba hata mimi, kile choo cha shule naogopa. Tangu siku hiyo huyo Kambale akawa wangu, na mtu akiwa wako kwa namna ya Kambale, lazima ujiandae kwa matatizo.

Kwani alijifanya mlinzi wa mlango. Alipanga foleni, alisahihisha kola, na akatunga sheria ambayo mimi sikuitunga: “Bila salamu, hakuna banc!” Asiyesalimia asikalie benchi. Wenzake wakaipenda. Wakawa wanaiimba wakingoja. Mtoto aliyejaribu kupenya bila kutoa mkono alirudishwa nyuma ya foleni na darasa zima, kwa furaha kubwa. Nami niliona fahari tu, kama mama aliyeona mwanawe akitembea. Sikuona kwamba kulikuwa na mmoja ambaye foleni ile ilikuwa inamtesa.

Aliitwa Lisungi, msichana wa familia ya watu wa mtoni, kutoka upande wa Yanonge, aliyeishi hapa mjini na shangazi yake. Alikuwa mwandishi mzuri kuliko wote, na mkimya, na kwenye benchi lake la nyuma hakuna aliyekaa naye. Juma la kwanza la sheria hiyo alipita akiwa ameficha mikono kwapani, Kambale akamrudisha. Akapita tena, akarudishwa. Mwishowe alinipa ncha za vidole haraka haraka huku ameangalia chini, na wale wa nyuma yake wakaguna wakashika pua, mimi nikidhani wanachezeana. Baadaye akaanza kufika wakati mlango umeshafungwa. Baadaye akawa anakuja siku moja, haji siku mbili. Kisha hakuja kabisa, na mahali pake kwenye benchi pakawa wazi.

Papa Directeur ndiye aliyeniita. Ofisi yake ilikuwa chumba chenye meza, bendera iliyokunjwa, na baiskeli yake, ambayo hakuiacha nje hata siku ya jua kali. Hakunipa kiti.

“Madame,” alisema, “mi nilitazama hizo salamu zenu. Classe zingine zinakuwa zimeshaanza calcul, kwenu bado munapeana mikono. Iko mariage, iko arusi?”

Nikamwambia watoto wametulia, na kwamba kelele zimekwisha.

“Kelele zimekwisha, bon. Na mutoto wa ku banc ya nyuma? Naye amekwisha? Mutoto alikuwa anakuya vizuri na maître wa zamani, pamoja na kelele yote. Na wee, na salamu, amekimbia.” Akachukua kofia yake, akaigeuza geuza. “Sikiliza. Nakupatia mpaka examens za Noël. Kama ule mutoto hajarudia, nitapatia mutu mwingine ile classe. Na salamu itaisha. Tumeelewana?”

Tulielewana vizuri mno. Kilichoniuma si tisho. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na haki. Nilikuwa nimesimama mlangoni ili kila mtoto ajue anapokewa, na mmoja alikuwa amejua kinyume chake.

Jioni ile kijiko kiligonga ukuta, nikasema sina njaa. Nililala chali nikitazama bati. Upande wa pili Maman Véro alikuwa na jirani yake, wanapanga samaki kwenye vikapu, na maneno yao yalikuja juu ya ukuta pamoja na moshi.

“Ule mutoto wa Maman wa Yanonge ananiumiza roho,” alisema Maman Véro. “Kila asubui iko na kazi ya kupasua mbisi, samaki ya shangazi yake, alors anachelewa kunawa. Anasugua mikono na ndimu, na mchanga, na majivu, mpaka ngozi inatoka. Shangazi anamuuliza, mutoto, unasugua nini? Anasema, ku masomo iko lazima kupatia mukono.”

“Ku masomo banauza nini mpaka mukono ikuwe kisafi?” jirani akauliza, wakacheka wote wawili.

Mimi sikucheka. Niliketi kitandani nikanusa kiganja changu mwenyewe, sijui nikitafuta nini.

Jumamosi nilimfuata Maman Véro ufukweni, mahali mitumbwi ya Yanonge inapofungwa. Lisungi alikuwa amechutama kando ya beseni, kisu mkononi, anapara samaki aina ya mboto kwa ustadi wa mtu mzima, magamba yamemrukia mpaka kwenye nyusi. Aliponiona alitupa kisu akaficha mikono nyuma. Shangazi yake, mwanamke mrefu aliyekuwa anageuza samaki juu ya moshi, alinipa kigoda na kipande cha samaki wa moto, akasema, “Madame, mi sikatazi mutoto masomo. Ni ye mwenyewe.” Nikala. Samaki alikuwa mtamu ajabu, wa mafuta, na nilikula kwa vidole vyote mpaka vikanuka kama vyake. Kisha nikamwambia Lisungi kwamba Jumatatu anaweza kupita mlangoni bila kunipa mkono, nitamwambia Kambale amwache.

Alitikisa kichwa. “Madame, bataniona,” alisema. “Kila mutu anatoa mukono, mi peke yangu sitoe? Batajua zaidi.”

Alikuwa na umri wa kuchezea kamba, na alikuwa amefikiri mbali kuliko mimi. Nikamwomba basi aje tu kwenye mitihani, hilo tu. Hakuniahidi. Nilirudi nyumbani nikiwa na harufu ya samaki na moyo mzito, na Jumatatu sikumwona.

Hapa niseme jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Mtu mzima akiwa anakula, au analima, au anatengeneza kitu, na wewe ukamkuta ukataka kumsalimia, hakunyimi mkono wala hakuchafui. Anakunja kiganja anakupa kifundo cha mkono, nawe unakishika unatikisa, salamu imekwisha. Ni adabu ya wakubwa kwa wakubwa. Mtoto kumpa mwalimu kifundo, lo, hilo lingekuwa dharau. Angepigwa kofi kabla hajaeleza. Ndiyo maana, pamoja na akili zangu zote za chuo, na pamoja na kulala nikiwaza, dawa iliyokuwa karibu hivyo haikunijia kabisa. Wala haikumjia Lisungi.

Asubuhi ya mtihani wa kwanza wa Noeli ilikuwa na ukungu wa mtoni. Nilisimama mlangoni, Kambale akapanga foleni, watoto wakaanza kuingia, mkono, jina, neno. Nilikuwa natazama juu ya vichwa vyao. Na nikamwona. Lisungi alikuwa amesimama kando ya mlingoti wa bendera, gauni safi, mikono kwapani, anangoja foleni iishe. Nilitaka kumkimbilia. Nikajizuia, maana niliona wazi kwamba nikikimbia atakimbia pia.

Wakati huo huo Papa Directeur akatokea akikokota baiskeli. Alikuwa ameahidi kuja kujionea mwenyewe siku ya mtihani, na alikuwa amekuja, lakini mnyororo ulikuwa umemkatikia njiani. Suruali ilikuwa na doa, uso umenuna mara mbili, na mikono yake yote miwili ilikuwa myeusi kwa grisi mpaka kwenye kucha. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaja moja kwa moja mlangoni, akataka kunipita.

“Papa Directeur!” Sauti ilikuwa ya Kambale. Alikuwa amenyoosha mkono kuziba mlango, mtoto mdogo mbele ya tumbo kubwa. “Pardon. Bila salamu, hakuna banc.”

Papa Directeur alimtazama Kambale toka juu hadi chini, akanitazama mimi, akatazama mikono yake. Na nikaona kitu ambacho sikukitegemea: aibu. Mkubwa yule alikuwa anaona aibu kwa mikono yake mbele ya watoto. Kisha akafanya kile ambacho mtu yeyote mzima wa kwetu angefanya. Alikunja kiganja, akageuza mkono, akanipa kifundo.

“Bonjour, Madame,” alisema.

Nikakishika nikakitikisa. “Bonjour, Papa Directeur. Nyumbani habari?”

“Muzuri. Isipokuwa velo.”

Watoto wakaitazama baiskeli yake wakacheka, naye, naapa, mdomo ukamchezacheza. Akaingia. Na Kambale, ambaye hakuna jambo la mkubwa alilowahi kuliona bila kuliiga, akaniletea mkono wake ameukunja vile vile, kidevu juu, sauti nzito: “Bonjour, Madame. Isipokuwa velo.” Ningemfinya. Badala yake nikashika kifundo chake, nikatikisa. Wa nyuma yake naye akatoa kifundo, na aliyefuata, kila mmoja akinuna kama Papa Directeur, wakiona raha ya ajabu. Mlango ukawa na shangwe ya vifundo. Hakuna aliyetoa kiganja tena.

Nilipoinua macho Lisungi hakuwa kwenye mlingoti. Alikuwa mwisho wa foleni. Aliitazama ile mikono iliyokunjwa, mmoja baada ya mwingine, kwa makini kama mtu anayesoma. Alipofika mbele yangu alitoa mkono wake kutoka kwapani, akaukunja, akanipa kifundo. Kilikuwa chembamba, na ngozi juu yake ilikuwa imechubuka kwa ndimu na mchanga. Nikakishika kwa mikono yangu miwili.

“Bonjour, Lisungi.”

“Bonjour, Madame,” alisema. Akainua macho. Na kwa kuwa hakuwa mtoto wa kuachwa nyuma, akaongeza polepole, “Isipokuwa mbisi.”

Nilicheka machozi yakanitoka. Ndani ya darasa palikuwa na nafasi moja tu, kwenye benchi la nyuma, na Papa Directeur alikuwa ameshapakalia nusu yake, na mikono yake ya grisi juu ya magoti. Lisungi akaenda akakaa kando yake. Walikaa hivyo mtihani wote, mmoja ananuka samaki, mwingine ananuka mafuta ya mnyororo, na ulipokwisha nilimsikia mzee akimuuliza chini chini shangazi yake anauzia wapi. Mimi aliniambia neno moja tu wakati wa kutoka: “Continuez.” Maana yake, endelea. Mpaka leo nalikumbuka neno hilo hata nikiwa nimelala.

Kambale aliipa salamu ile jina, salamu ya Directeur, na mtoto yeyote aliyetaka aliichagua asubuhi bila kuulizwa, awe na mikono ya grisi, ya mkaa, ya samaki, au awe tu hana moyo wa kutoa kiganja siku hiyo. Baada ya Noeli msichana mmoja alihamia benchi la Lisungi, kisha mwingine. Mwisho wa darasa la sita shangazi yake alirudi mtoni na Lisungi akaenda naye kusoma Isangi, na kama inavyokuwa kwa watu wa mtoni, habari zake zikapungua, zikakatika. Mimi niliendelea, kama nilivyoamriwa. Nimesimama kwenye milango mingi tangu wakati ule, na sijui kazi nyingine ambayo ingenipa furaha kama hiyo.

Basi pale kwenye matanga, lituma ikaiva, tukaletewa sahani. Nilikuwa nimeshazamisha vidole kwenye pondu wakati yule mwalimu msichana alipokuwa bado anamfundisha mwenzake, sasa kwa vitendo. “Iko salamu ine,” alisema. “Mutoto anachagua. Mukono. Ngumi. Kichwa ku kichwa, sawa bakubwa. Na ya mwisho ni hii.” Akakunja kiganja. “Hii ni ya mutoto mwenye hataki kutoa mukono. Formatrice, ule mwalimu wa semina, alituambia: huyu, muulizeni jina yake tu, sababu musimuulize. Inaitwa salamu ya Directeur.”

“Kwa nini ya Directeur?”

“Hakutuelezea. Alicheka tu.”

Niligeuka kwenye kiti changu. Nikamuuliza huyo formatrice anaitwa nani.

“Madame Lisungi, Maman. Ni mutu wa Yanonge. Unamujua?”

Nilitazama mlango wa sebuleni, picha ile juu ya kitambaa cheupe, mzee amenuna, hajui lolote, jina lake la kazi linatembea katika midomo ya watoto ambao hatawaona. Wasichana wakasimama kuaga, na yule aliyekuwa anafundisha, kwa heshima, akaninyooshea mkono. Vidole vyangu vilikuwa na pondu mpaka kwenye pete. Nikakunja kiganja, nikampa kifundo.

Akaangua kicheko. “Eh, Maman! Kumbe na wee ulifanya formation?”

“Ndiyo, mwanangu,” nilimwambia, nikamwonyesha sebuleni kwa kidevu. “Formateur wangu ni ule. Siku hiyo velo yake ilikuwa imekatika mnyororo.”